Jani la duara ukutani: ni kapusini au kitu kingine?

binti_wa_nguba (Bukavu)

Jambo wapendwa. Niko Nguba, upande unaoteremka ziwani. Parseli tuliyohamia ina ukuta wa mawe kule nyuma, na karibu ukuta wote umefunikwa na mmea unaotambaa. Majani yake ni ya duara, makubwa kwa madogo, kijani cha kupauka. Maua ni ya rangi ya chungwa, mengine manjano yenye mistari myekundu kooni. Mvua ya jana usiku iliacha matone juu ya majani. Ukilitikisa jani, maji yote yanakimbia na jani linabaki kavu kabisa.

Shangazi yangu alipokuja alisema hiyo ni kapusini, na kwamba masista waliomfundisha walikuwa wakiweka maua yake kwenye saladi. Jirani naye anasema ni sumu. Ushahidi wake ni kwamba mbuzi wake hataki hata kuigusa. Nimebaki katikati.

Kinachonichanganya zaidi: kwenye mti wa avoka, hatua chache kutoka ukutani, kuna mwingine unapanda. Nao una majani ya duara, lakini sijauona ukitoa maua ya kueleweka, ni vichala vidogo vya kijani tu. Je, ni ule ule uliokosa jua?

Nikishapata uhakika nataka kuipanda pembeni mwa njia na kulizunguka tuta la maharagi, maana nimesikia inafukuza wadudu. Samadi ya ng'ombe ninayo gunia zima. Mvua za Septemba ndio zimeanza, nadhani wakati ni huu. Mnishauri. Aksanti.

mtoto_wa_kadutu

Hiyo ni kapusini, usiteseke. Geuza jani utazame kikonyo: hakikushika pembeni kama kwenye majani mengine, kimeshika ndani ya jani, karibu na katikati. Ukiona hivyo, basi, kula. Kwetu watoto wanafyonza maua yake asubuhi kabla ya kwenda shule.

mama_miche (Bukavu, Muhumba)

Mwanangu wa Kadutu, punguza mwendo. Alama uliyoitoa ni ya kweli, lakini ikiwa peke yake itampeleka mtu pabaya. Na hasa huyu dada, kwa sababu ya ule mmea wake wa pili.

Katika milima hii yetu kuna mtambaa wa porini ambao wataalamu wanauita Stephania abyssinica. Unapenda kingo za msitu, nyuzio na miti ya matunda. Na wenyewe, sikiliza vizuri, kikonyo chake kimeshika ndani ya jani. Jani lake ni la duara au lina ncha kidogo, laini, lisilo na manyoya. Maua yake ni madogo mno, ya kijani, yamekaa kwa mafungu, unaweza kupita mwaka mzima usiyaone. Ule ni mmea wa waganga, una kemikali kali ndani yake, si wa kuweka kwenye sahani. Siapi kwamba ndio huo ulioko kwenye avoka yako, sijauona. Ila ulivyoueleza, ndio ninaoushuku.

Kwa hiyo usianze na mdomo, anza na pua. Chuma jani moja la ukutani, lifikiche kati ya vidole, nusa. Kapusini inakupiga puani papo hapo: ukali wa haradali, na nyuma yake ubichi wa figili iliyokatwa sasa hivi. Jani likiwa zima hutasikia kitu. Ukali huo unatokea pale tu jani linapopondwa, ndivyo ilivyo pia kwa kabichi na haradali, ambazo ni ndugu zake wa mbali. Kisha nawa mikono, nenda kwenye avoka, fanya vile vile. Kama inanuka majani tu, basi umeshapata jibu la nusu ya swali lako.

Nusu nyingine iko kwenye shina. Bua la kapusini ni laini, limejaa maji, ukilikunja linakatika kwa sauti. Halina vikono vya kushikia, na lenyewe halijizungushi sana: kinachoshika waya ni kikonyo cha jani, kinajisokota mara moja kwenye kitu chembamba na kung'ang'ania hapo. Ndiyo maana inapanda vizuri kwenye wavu na vibaya kwenye mti mnene. Ule mwingine, shina zima ndilo linalojizungusha, na likizeeka linakuwa gumu, la mti.

Jani lenyewe ulishike kwa kikonyo ulielekeze kwenye jua: umeshika mwavuli. Pale kikonyo kinapoingia, mishipa myeupe inatawanyika kutoka nukta hiyo moja hadi ukingoni, na nukta haiko katikati sawasawa, imesogea upande. Na maji kutelemka bila kulowesha ni tabia yake kweli, uso wa jani una nta.

Halafu ua. Petali ni tano. Mbili za juu ndizo zenye mistari uliyoiona, tatu za chini zina nyuzinyuzi shingoni, utadhani zimechanika. Geuza ua uone nyuma: kuna mkia mwembamba, sentimita 2 na nusu au 3, umechongoka. Mle ndimo mna tamu wanayofyonza watoto wa Kadutu. Ukate ncha kwa kucha, ubinye taratibu kutoka juu, litatoka tone. Sisimizi wanaujua huo mlango kabla yetu, kwa hiyo tazama kwanza kabla ya kuweka mdomoni. Ua likishanyauka, chini yake zinabaki mbegu tatu zimeungana, kijani, zenye mikunjo.

Jani la duara, ukali wa haradali, ua lenye mkia. Vitatu vikikutana hakuna ubishi. Paketi dukani ikiandikwa Tropaeolum majus, ni yenyewe.

Kuhusu mbuzi: msimwite shahidi. Nimeona mbuzi akikataa majani mazuri na kutafuna kamba ya kuanikia nguo.

Sasa hilo gunia la samadi. Lipeleke kwenye lengalenga, lipeleke kwenye kabichi, mpe hata jirani mwenye mbuzi. Kwenye kapusini usipeleke hata koleo moja. Huu mmea asili yake ni milima ya Andes, huko Peru na nchi jirani, na umezoea kuishi kwa kubana. Ukiulisha, unafurahi kwa majani: utapata majani makubwa mpaka unashangaa, na maua utayatafuta kwa tochi. Wateja wangu wanarudi kulalamika, "mama, uliniuzia dume." Nawauliza, uliweka mbolea? Wananyamaza.

Shida ya Nguba na Muhumba si ukosefu wa rutuba, ni udongo wetu mwekundu unaoshika maji. Novemba mvua ikikaza, mizizi inakaa kwenye tope na bua linaoza kuanzia chini. Changanya mchanga au changarawe ndogo, na upande kwenye kingo, kwenye kichwa cha ukuta, mahali maji yanakopita bila kukaa. Jua la kutosha, saa 6 kwa siku au zaidi. Kivulini itaishi, ila itarefuka ikitafuta mwanga na maua yatakuwa machache.

Kupanda ni kazi ya mtoto. Mbegu ni kubwa, zinashikika. Ziloweke usiku mmoja, asubuhi zizamishe sentimita 1 na nusu hadi 2 na uzifunike vizuri, maana zinahitaji giza ili ziote. Mbegu hadi mbegu acha sentimita 30. Wiki moja hadi mbili utaona. Na uzipande pale pale zitakapokaa. Kapusini haipendi kung'olewa na kuhamishwa, mizizi yake inavunjika upesi. Mimi ninayeuza miche naiotesha kwenye vikombe vya maganda ya mgomba, mteja anazika kikombe na vyote vilivyomo.

Mwisho, hadithi ya kufukuza wadudu. Naisikia kila msimu na siikubali. Kapusini inawaita! Vidukari weusi wanaipenda kupita kiasi, utawakuta wamejipanga chini ya jani na kwenye shingo ya ua. Na hao vidukari weusi ndio hao hao wanaofyonza maharagi. Ukiizungushia tuta lako umewajengea nyumba mlangoni. Ukitaka ikusaidie, iweke mbali, mita kadhaa kutoka kwenye tuta, iwe chambo, na uwe na bidii ya kukata matawi yaliyojaa na kuyazamisha kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Kama huna bidii hiyo, iache ukutani ipendeze.

fundi_himbi (Goma)

Mama Miche amesema yote, mimi naongeza la kwetu. Nyinyi Bukavu mnalia udongo unashika maji. Sisi huku udongo wenyewe tunaubeba kwa magunia. Parseli yangu iko juu ya mawe ya volkano, ukichimba kwa jembe unapata cheche. Mboga zimenishinda, lakini kapusini imekubali. Natafuta ufa kwenye jiwe, natia viganja viwili vitatu vya udongo, mbegu, basi. Inaning'inia juu ya ukuta mweusi hadi chini, na rangi ya chungwa juu ya lile jiwe ni kitu cha kutazama.

Tofauti na huko: hapa maji yanapotea haraka, na mchana jiwe linapata moto. Bila kumwagilia jioni, kuanzia Juni hadi Agosti majani yanakuwa manjano upande wa chini yote. Nikiona hivyo nakata nusu ya mmea bila huruma, namwagilia, inachipua upya. Ile niliyokata siitupi: nachagua vipande vya urefu wa kiganja, natoa majani ya chini, naviweka kwenye glasi ya maji dirishani. Vinatoa mizizi bila shida.

Jambo lingine, mtaniona mwongo. Jioni, dakika chache kabla ya giza, umeme ukiwa umekatika (yaani jioni nyingi), tazameni maua ya chungwa kwa pembe ya jicho. Yanametameta, yanapiga cheche ndogo. Nilidhani ni macho yangu, hadi nikasoma kwamba mwaka 1762 binti wa yule Carl Linnaeus wa Sweden, aliyeipa mimea majina ya Kilatini, aliandika kuhusu jambo hilo hilo. Elisabeth Christina, alikuwa na miaka 19. Watu walifikiri ni umeme. Baadaye ikaelezwa kwamba ni jicho la mtu: mwanga ukipungua, jicho linaanza kuona kijani vizuri kuliko nyekundu na chungwa, na pale zinapokutana rangi hizo mbili linachanganyikiwa.

mtoto_wa_kadutu

Fundi, sasa nimeelewa kwa nini bibi yangu alikataza kuyachuma usiku.

wa_katuba (Lubumbashi)

Salamu kutoka Katanga. Msitudanganye na Septemba yenu, wasomaji wa huku wataharibu mbegu. Lubumbashi Septemba na Oktoba ni joto na vumbi, mvua bado, kapusini inachoka kabla haijafika popote. Mimi naotesha Machi, mvua zinapoelekea kuisha. Inakua wakati udongo bado una unyevu, na inatoa maua Mei, Juni na Julai, kwenye baridi yetu. Inapenda ubaridi. Isipokuwa usiku ule mmoja mmoja wa baridi kali kabisa sehemu za bondeni: barafu ikigusa jani, asubuhi limekuwa jeusi, na hapo hakuna dawa.

Lakini nililotaka kusema ni la kula. Nyinyi wa Kivu mnasema tu "inaliwa". Huku kwetu lazima uulize imeota wapi. Kuna mitaa iliyo chini ya upepo wa viwanda vya kuyeyusha shaba, na udongo wake umebeba shaba, kobalti, risasi na mengine. Kapusini itaota humo na itapendeza, haitakuambia kitu. Mimi ya kutazama naipanda ardhini, ya kula naipanda kwenye ndoo iliyotobolewa chini, kwa udongo niliouleta kutoka mbali na mjini. Je, Mama Miche, kuosha hakutoshi?

mama_miche

Hakutoshi, na umefanya vizuri kusema. Maji yanaondoa vumbi lililo juu ya jani. Kilichopandishwa na mizizi kimo ndani, hakuna beseni litakalokitoa. Ndoo yako ndiyo jibu. Na sisi wa Bukavu tusijione watakatifu: iliyoota chini ya bomba la choo, au kando ya barabara magari yanapolala, au karibu na mahali jirani anapopulizia nyanya zake dawa, hiyo ni ya macho tu.

binti_wa_nguba

Nimerudi na ripoti. Ya ukutani nimeifikicha: imenipanda hadi machoni, shangazi amecheka sana. Mkia nyuma ya ua upo, na mbegu tatu tatu zipo chini ya yale yaliyonyauka. Ya kwenye avoka: harufu ya majani tu, hakuna ukali wowote, na shina limeuzunguka mti kabisa, huku chini limekuwa gumu. Kwa hiyo ni mimea miwili.

Maswali yaliyobaki. Hiyo ya avoka niing'oe? Ya ukutani tunaila vipi? Na nyuma ya ukuta kuna mteremko mkali ambao mvua inaumega kidogo kidogo. Nikiutandazia kapusini, itashika udongo?

mama_miche

Nianze na mteremko, kwa sababu mteremko wa Bukavu si mchezo, sote tunajua mvua inavyobeba nyumba. Hapana. Kapusini inafunika udongo kwa macho, lakini mizizi yake ni ya juu juu na mabua yake ni maji matupu. Ikipata mvua ya muda wa saa mbili itateremka pamoja na udongo. Huko panda nyasi za kushika: matete au setaria, kwa mistari inayokatisha mteremko, si inayoteremka nao. Zikikaa vizuri unakata unampa jirani mwenye mbuzi, na ugomvi wenu wa sumu utaisha. Kama mteremko umeshapasuka nyufa, hilo si la maua wala la nyasi, mtafute mtu wa kujenga ukuta wa kuzuia.

Ule wa avoka ni mwenyeji kuliko mimi na wewe. Usiuue kwa chuki. Kama hauusumbui mti uache, ila wafundishe watoto: wa ukutani ndiyo, wa mtini hapana. Mmea huo ukiubana mti, kata shina lake chini na uchimbe mizizi, maana usipochimba utachipua tena. Na usiache kapusini ipande karibu nao, mikono ya haraka itachuma vyote pamoja.

Kula. Chuma asubuhi kabla ya jua kali, majani machanga, yale yasiyozidi upana wa vidole vitatu. Makubwa yanawasha na yana nyuzi. Maua yachumwe yakiwa yamefunguka kabisa, yapulize, yatikise, tazama ndani ya mkia, kisha yapitishe kwenye maji ya baridi na uyaweke juu ya kitambaa. Yasikae kwenye maji, yanalegea. Nyumbani kwangu ni avoka iliyokatwa vipande, kitunguu chembamba, ndimu, chumvi, majani machache yaliyochanwa kwa mkono, na maua yanawekwa mwisho kabisa, mezani. Pembeni sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga. Ule ukali unakata mafuta ya sambaza vizuri sana, mume wangu ambaye alikuwa akicheka "chakula cha nyuki" siku hizi ndiye anayekwenda kuchuma. Usiipike: moto unaondoa ukali wote na kinachobaki ni jani tu.

Mbegu zikiwa bado kijani na laini zinafaa kwenye siki. Ziloweke kwenye maji ya chumvi siku moja au mbili, zichuje, zitie kwenye chupa safi, mwagia siki uliyochemsha, funika, subiri wiki kadhaa. Zinawasha kuliko majani, kwa hiyo punje chache zinatosha.

Na kiasi. Hiki ni kiungo, si mboga kama sombe ya majani ya muhogo, usijaze sahani. Mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo aiache kabisa. Watoto wadogo wasile majani, wabaki na kufyonza mkia wa ua. Mama mjamzito naye asiifanye mboga ya kila siku. Mara ya kwanza kula jani moja na ua moja, uone tumbo linasemaje.

Mbegu za kupanda usinunue, unazo. Subiri zile tatu zianze kupauka. Ikidondoka ukiigusa tu, imekomaa. Ukilazimika kuivuta, iache. Zitandaze kwenye karatasi kivulini hadi ziwe ngumu na rangi ya udongo. Zile zinazoanguka chini ya ukuta zitaota zenyewe, utazikuta mpaka kwenye ngazi.

mtoto_wa_kadutu

Dada wa Nguba, zikikauka nipitie nichukue? Ukuta wetu uko uchi.

binti_wa_nguba

Pitia, ziko nyingi kuliko ninavyoweza kupanda. Njoo na kitu cha kubebea.

mama_miche

Aje na bahasha ya karatasi. Sashe, yaani mfuko wa plastiki, hapana, mbegu zikifungiwa kwenye sashe zinatoa jasho na kuoza kabla hajapanda Kadutu.